Kikundi Chetu cha Bustani Hakikopeshi

Kila mwaka ikifika ile wiki ya katikati ya Krismasi na mwaka mpya, nyumba nzima imelala na pilau la jana liko kwenye friji, mimi nakaa mezani na kauntabuku, penseli na kalenda ya ukutani niliyopewa duka la vifaa vya ujenzi, naandika ratiba ya kikundi chetu cha bustani. Ndiyo kazi ya katibu hiyo na huu ni mwaka wa sita naifanya. Kuna wanachama wanadhani naiokota tu kichwani, Januari hiki Februari kile tumemaliza, ila nikwambie ukweli nusu ya kazi ni kufuta.

Nafuta kwanza Ramadhani maana nusu yetu wanafunga na hakuna mtu wa kusimama juani saa kumi jioni koo limekauka anaelezwa habari za mboji, na Ramadhani yenyewe haitulii, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwa hiyo huwezi kukopi ratiba ya mwaka jana. Halafu nafuta nusu ya kwanza ya Januari, ada, sare, madaftari, hapo hata ukimwambia mtu mkutano ni bure anahisi unamzunguka tu mwishoni utamwomba hela. Halafu masika, Machi mpaka Mei. Aprili naizungushia wino mwekundu kabisa kwa sababu huku Kigamboni Aprili ikiamua kunyesha inanyesha, kuna mitaa huku kwetu Kibada bodaboda mwenyewe anakwambia mama shukia hapa hapa. Nikishafuta hivyo kinachobaki ndiyo mwaka wetu, mikutano kama nane tisa hivi na safari moja.

Tuko 23, wengi wanawake, wanaume watano, mmoja wao mzee mstaafu aliyekuwa afisa kilimo huko Morogoro na mpaka leo tunamwita Bwana Shamba, shikamoo zake anapokea kama mshahara. Kila mwezi Jumamosi ya pili tunakwenda nyumbani kwa mtu mmoja. Mwenyeji anatoa chai na kitu cha kutafuna, mihogo, vitumbua, chochote, soda tulizipiga marufuku maana tuliona zinaanza kuleta mashindano. Tunazunguka uani kwake, kila mtu ruksa kuuliza na kuchokonoa, tunaangalia nini kimekubali nini kimegoma, halafu mwenye jambo la kufundisha anafundisha nusu saa. Mchango elfu mbili. Sare hatuna. Na hatukopeshani, hata shilingi.

Hilo la mwisho ndilo watu hawaelewi. Ukimwambia mtu wa Dar una kikundi swali lake la pili ni mnakopeshana kwa riba gani.

Chenyewe kilianzia msibani, mwaka 2019. Tulikuwa tumekwenda kumhani jirani, siku ya tatu, wanawake tuko nyuma ya nyumba tunaosha masufuria, mmoja akainua macho akaona kando ya ukuta viroba vya unga vimepangwa mstari, vimejaa mchanga na samadi, na ndani yake mgagani, mchicha, spinachi, hoho, pembeni mrehani na kichaka cha asumini. Na sisi wote tulikuwa tunaishi kwenye mchanga ule ule, tumeshakata tamaa kwamba Kigamboni ni minazi na mihogo tu. Basi masufuria yakasimama. Mfiwa mwenyewe akatoka ndani kutuuliza kuna nini, akakuta tumechuchumaa kwenye viroba vyake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu akaongea sentensi ndefu, samadi anatoa wapi, mchanga anachanganya na nini, kwa nini viroba katoboa ubavuni na siyo chini. Tuliondoka kila mtu na kijiti cha asumini kwenye gazeti bichi. Changu kilikufa, naomba radhi. Lakini mwezi uliofuata tulirudi kuuliza kwa nini kimekufa, na huo ndio mkutano wa kwanza hata kama hakuna aliyeandika muhtasari.

(Kilikufa kwa sababu ya maji. Kisima chetu kina chumvi. Mrehani na maharage ukiyamwagilia maji yale kingo za majani zinaungua kama zimepitishwa kwenye kiberiti, spinachi kidogo inavumilia. Siku hizi Januari, kwenye mkutano wa kwanza, kila mtu anakuja na chupa ya maji ya kwake tunaonja. Ndiyo, kwa ulimi. Bwana Shamba anacheka anasema kuna vipimo vya kisasa lakini naye anaonja.)

Sasa kuhusu mikopo. Januari 2022, ajenda namba saba, mengineyo, dada mmoja mchangamfu sana, anayejua kupanga maneno, akasimama akasema jamani sisi tunakutana kila mwezi, tunaaminiana, tunajuana mpaka vyooni, kwa nini tusiweke hisa? Akapiga hesabu pale pale. Hisa elfu tano, mfuko wa jamii elfu moja, riba asilimia kumi, mwisho wa mwaka tunavunja tunagawana kila mtu ananunua hata tanki la maji. Mwingine akadakia kwamba tukijisajili tunaweza kuomba ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Nikaona macho yanawaka. Na mimi sikatai, tanki lilikuwa tamu, sisi ni watu wa madumu.

Kilichonitoa ni kwamba nimeshawahi kuwa kwenye kikoba kilichokufa, siyo hiki, kingine huko nyuma, na ninachokumbuka zaidi ya hela zilizopotea ni mageti. Mtu akiwa na deni hafungui geti. Unagonga unasikia kabisa tivii inaongea ndani, mtoto anatoka anakwambia mama hayupo huku anaangalia miguu yake. Wengine walikuwa wakituona njiani wanaingia duka lolote lililo karibu, hata la spea za pikipiki. Kikoba cha kawaida kinaweza kuishi na hilo kwa sababu mnakutana sehemu moja, mwenye deni asipokuja mnaendelea. Sisi kikundi chetu ni kuingia uani kwa watu. Hicho ndicho tulichonacho, hatuna kingine. Siku geti la kwanza likifungwa ratiba imekufa.

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Tukapiga kura, mikono, kumi na mbili kwa tisa, tukabaki bila hisa. Watu saba hawakuridhika wakaanzisha kikoba chao pembeni, tukasema sawa, huko ni huko na huku ni huku.

Nitarudi hapo. Ngoja kwanza niseme Aprili.

Aprili ni mwezi niliouzungushia nyekundu lakini ndiyo una siku moja ambayo hata ikinyesha mawe watu wanakuja, siku ya kubadilishana vipandikizi. Sababu ni rahisi, masika kila kitu kinashika. Kijiti cha bogenvilia ulichochomeka kwa hasira Februari kikakauka, Aprili ukikitupa tu kwenye matope kinachipua. Watu wanakuja na ndoo, mabeseni, viriba vya maziwa, kila mtu anaweka vyake kwenye turubai halafu unaondoka na vya mwenzako. Hakuna kuuza. Kuna mama mmoja kila mwaka analeta mlangilangi na kila mwaka tunamwambia mama mti huu ukikua unataka kiwanja kizima, na kila mwaka mtu mpya anauchukua kwa sababu ya harufu. Siku hiyo pia tunahesabiana konokono, wale wakubwa, mwaka 2024 ambapo mvua zilikaza na mapema Mei kikaja kile kimbunga Hidaya, mwenzetu mmoja aliokota ndoo mbili kwa asubuhi moja. Ndoo za lita kumi. Miche ya bilinganya ilibaki vijiti.

Aprili 2021 mweka hazina wetu, mama wa Marangu, alikuja na pingili za masale. Mmea wenyewe si wa ajabu, majani marefu ya kijani, kwenye bustani za mjini unauona sana watu hata hawajui jina. Akatueleza kwao Uchagani sale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, ndiyo linapandwa kaburini, na ndiyo msamaha: ukimkosea mtu mkosano mkubwa unampelekea jani la sale limefungwa fundo, na aliyepelekewa hawezi kukataa, akikataa kosa linahamia kwake. Tukacheka, mmoja akasema nipe matatu nimpelekee mume wangu. Kila mtu alichukua pingili. Ile yangu iko pale kwenye kona ya bomba.

Juni mpaka Agosti ndiyo raha yenyewe, kipupwe, ubaridi, jua halichomi, kabichi zinafunga na nyanya zinakubali, kwa hiyo huko narundika mikutano. Ila Juni hiyo hiyo ya 2021 tulipata funzo. Watu kumi na moja tulipanda nyanya kwa pamoja, miche mizuri imesimama, halafu majani yakaanza kutokea michoro myeupe kama mtoto kachora na chaki. Tukadhani ni jua. Wiki mbili baadaye ukichuma nyanya unakuta tundu dogo karibu na kikonyo na ndani uji. Bwana Shamba alipoona tu akavua kofia. Kanitangaze. Wakulima ndio walimpa jina, yaani nenda ukanitangaze, maana akiingia shambani kwako mtaa mzima utajua. Ni kipepeo mdogo wa kijivu hata kucha hajafika, kwao ni Amerika Kusini, akavuka akaonekana Hispania 2006, na kwetu Tanzania akaripotiwa 2014. Kiwavi wake anakaa katikati ya jani, juu ngozi chini ngozi, kwa hiyo unapopuliza dawa unamwosha nyumba tu yeye yuko chumbani. Tulichojifunza tangu hapo ni mtego wa beseni, maji na sabuni, juu unaning'iniza kile kidude chenye harufu ya jike wanachouza maduka ya pembejeo, madume yanakuja yanazama. Unang'oa majani yenye michoro unayafukia, na ukimaliza nyanya hupandi tena nyanya pale, wala bilinganya wala ngogwe ambazo ni ndugu zake. Inasaidia. Haimalizi.

Agosti ni Nane Nane Morogoro, uwanja wa Mwalimu Nyerere, Coaster ya kukodi, watu wanatapika Chalinze, sisemi zaidi. Kule kila mtu anaahidi hatanunua mche na kila mtu anarudi na mche magotini. Mimi niliuziwa mchungwa uliobebeshwa, mzuri, nikautunza miaka mitatu ukazaa malimau. Nilimlaani muuzaji mpaka Bwana Shamba alipokuja kwangu akainama akanionyesha, machungwa mengi yanabebeshwa juu ya shina la mlimau kwa sababu ndilo gumu, na mimi machipukizi ya chini ya kiungio sikuyakata, yakapanda yakamfunika mwenye nyumba. Kwa hiyo yule kijana popote alipo namwomba radhi.

Safari iliyonikaa ni ya Septemba 2022, tulipoacha kurudia Morogoro tukapiga mpaka Muheza na kupanda Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902 wakakusanya miti kutoka kila pembe ya dunia, na miti mingine bado ipo, imezeeka, imeota ndevu. Sisi tulikwenda kwa ajili ya ua moja dogo. Mwenyekiti wetu ana mtoto anaishi Ujerumani alimtumia picha ya kopo dirishani, majani manene yenye manyoya, maua ya zambarau, akamwandikia mama hili ua huku linauzwa supamaketi na jina lake ni Usambaraveilchen, kwani Usambara siyo kwetu? Ndiyo kwetu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa kikoloni kule Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen pale Hannover akalipa jina Saintpaulia, la kumheshimu aliyelituma. Na Wamarekani mwaka 1946 wakaanzisha chama kizima cha ua hilo moja, chenye vilabu, mikutano, maonyesho na majaji waliosomea kulihukumu.

Tuliliona kwenye mwamba wenye kivuli karibu na mto Sigi, unyevu umejaa hewani, kimya, baada ya kutembea mpaka mama wa vitumbua akaanza kuuliza kama bado. Dogo. Maua mawili na jingine limenyauka. Mwenyekiti akaangalia, akaangalia tena, akasema, "Hiki?" Tulicheka mpaka muongozaji akatuomba tupunguze. Mimi nilikaa pale muda nikifikiria akina mama huko Marekani nao wanakutana kila mwezi, wana katibu anafuta siku kwenye kalenda yake, kwa ajili ya hiki kitu kilichojishikiza kwenye jiwe Muheza. Halafu nikamwona mmoja wetu, simtaji, mkono unakwenda taratibu kwenye jani na pindo la kanga limeshafunguliwa tayari. Maana ua hili ukiwa na jani moja tu na kikonyo chake unapata mche, ndiyo lilivyosambaa dunia nzima. Muongozaji naye si mgeni wa kanga. Akasema, "Mama, hapa ni hifadhi, hata jani," na mama wa watu akajifanya anafuta jasho.

Oktoba yake mto Ruvu ulipungua, mgao wa maji ukaanza Dar nzima, vuli ikachelewa na bustani zetu zikafa nusu. Kwenye daftari ya mwaka huo nimeandika Novemba: hakuna. Mwaka uliofuata Novemba hiyo hiyo ilinyesha mpaka tukaandika hakuna kwa sababu ya mafuriko. Ndiyo maana natumia penseli.

Kuna na ile Septemba ya mboji ya samaki ambayo sikutaka kuisema ila wenzangu watanisuta. Mwanachama mmoja mwenye ndugu pale soko la Feri alileta matumbo ya samaki viroba viwili kwa pantoni, watu walimpisha kwenye benchi nzima mpaka upande wa pili. Kisayansi yuko sahihi, samaki ana naitrojeni nyingi, ukimfukia chini futi mbili na majani makavu juu yake anakuwa mbolea kabambe. Sisi tulifukia nusu futi kwa sababu ilikuwa saa kumi na mbili na watu wanataka kurudi. Paka wa Kibada yote walikuwa na mkutano wao usiku ule. Mwenyeji hakutuandalia chai tena mpaka mwaka ulioisha.

Sasa kikoba. Kile cha pembeni kilikwenda vizuri mwaka wa kwanza, walivunja wakagawana, wawili wakanunua matanki kweli na sisi tukapitishwa tukayaone. Mwaka wa pili yule dada mchangamfu alikopa laki nane kwa ajili ya biashara ya vitenge, mdhamini wake mama wa Marangu. Vitenge havikutoka. Mwisho wa 2023 hesabu haikufunga, kikoba kikavunjika vibaya, na mdhamini akalipa sehemu kubwa kwa hela iliyokuwa ya matofali. Sikusema niliwaambia. Nilitaka kusema, nilijizuia, maana yule dada alishaacha kuja. Februari ilikuwa zamu ya kwake, tukapiga simu haipatikani. Tulipopita nje tukaona hoho zake zimekaukia kwenye viroba na mtoto akatoka akatuambia mama hayupo, anaangalia miguu yake.

Mwaka mzima na zaidi. Aprili 2024 hakuja, Aprili 2025 hakuja, turubai likakosa mnanaa wake ambao ulikuwa wa kwanza kuisha. Kwenye grupu la wasapu alikuwemo tu, anasoma, hajibu.

Mwezi uliopita, Jumapili asubuhi, mama wa Marangu anafungua geti aende kanisani akakuta jani refu la kijani limefungwa fundo kwenye komeo, na bahasha ya khaki ina shilingi elfu hamsini. Hakuna barua. Alinipigia simu nikadhani kafiwa, analia. Akaniambia katibu, lile ni sale langu, pingili niliyompa mimi kwa mkono wangu, nalijua, na yeye siyo Mchaga, angejuaje kufunga fundo vile kama hakusikiliza siku ile? Nikamuuliza sasa utafanyaje. Akasema hilo halikataliwi, unajua hilo, mbona unauliza.

Kwa hiyo wiki hii naandika ratiba ya 2026. Ramadhani imesogea mpaka Februari, afadhali, Machi inapata nafasi kidogo. Ajenda namba saba nimeiacha na najua kuna mtu atasimama tena na habari ya hisa. Juni nimeandika kwa yule dada wa vitenge. Sikumuuliza, nimeandika tu kwa penseli halafu nikamtumia picha ya ukurasa.

Alikaa siku mbili hajajibu. Jana usiku ikaingia: "Njooni. Ila nyanya msitegemee, kanitangaze kanimaliza."